Ripoti ya taka ihesabu kilo, sio tripu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muiache ilivyo, maana jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitano. Mimi ni mama mnunuzi wa chupa za plastiki na skrepa hapa Mbeya, yadi yangu iko upande wa Ilomba, nanunua kwa waokotaji, kwa wamama wa mitaani na kwa vijana wa guta wanaotoka Mbalizi, Uyole, wengine mpaka Tukuyu na Vwawa. Napima, nalipa, tunachambua, tunafunga marobota, mzigo unapanda lori kwenda Dar. Kila kilo inayoingia naiandika kwenye daftari, sio kwamba napenda takwimu, ni kwamba nalipa kwa kilo na nisipoandika nafilisika. Na tangu nianze hii kazi hajawahi kuja mtu wa ofisi yoyote kuniuliza, mama, mwezi huu umetoa kilo ngapi za taka huku kwetu?

Silaumu halmashauri yoyote kwa jina, mzigo wangu unatoka kwenye nyingi na jambo ni hilohilo kote. Ninachotaka kusema ni hiki: ripoti za usafi na urejelezaji (taka kugeuzwa zitumike tena) zinazopanda kutoka halmashauri kwenda mkoani, TAMISEMI na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira ambalo ndo mdhibiti wetu, zijazwe kwa kilo zilizopimwa, zipimwe kule ambako taka zinageuka kuwa mali, na kabla hazijapanda huko juu zisomwe kwetu sisi tunaoishi na hizo taka.

Sheria ya kusimamia hili tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa taka kutenganishwa palepale zinapozalishwa, iwe nyumbani, sokoni au dukani, na ziwashirikishe watu binafsi na vikundi kwenye hiyo kazi. Inataka pia halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na kati ya kazi zake ni kukusanya taarifa za mazingira ya eneo lake na kuripoti utekelezaji wa sheria kwa Mkurugenzi wa Mazingira na kwa NEMC. Mwaka 2009 zikaja kanuni za taka ngumu. Kwahiyo anayetakiwa kuandika yupo na anayetakiwa kusoma yupo, na hao wasomaji wa NEMC wana ofisi ya kanda yetu hapahapa Mbeya, hatuzungumzii watu wa mbali.

Sasa angalia kinachoandikwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha maendeleo ya kata anajua, ikifika ajenda ya usafi unasikia zimezolewa tripu kadhaa, ada ya taka imekusanywa kiasi fulani, changamoto ni uchakavu wa magari na wananchi kutolipa kwa wakati, tumefanya usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, basi ajenda inayofuata. Upande wa kurejeleza utasikia "wananchi wameelimishwa" au "vikundi vimehamasishwa". Kuhamasisha sio vibaya, mi mwenyewe nimeokotewa mzigo mwingi na watu waliohamasika, ila kuhamasika hakuna uzito, huwezi kukuweka kwenye mizani. Mdhibiti akisoma vikundi vimehamasishwa, atajuaje kama kuna chupa hata moja iliyopungua kwenye mtaro?

Nianze na hiyo tripu maana ndo inatumika sana. Gari linaandikwa ni la tani saba, limeenda dampo mara nne, basi imeandikwa tani ishirini na nane. Sisi tunaoshika taka kwa mikono tunajua hiyo hesabu haiwezi kuwa kweli. Gari lililojaa maganda mabichi ya viazi na makabichi yaliyooza kutoka soko la Soweto mwezi wa tatu, mvua inanyesha, linalemewa kabla halijajaa. Gari hilohilo mwezi wa tisa limebeba majani makavu ya migomba, maboksi na viroba vitupu, limejaa mpaka turubai linavimba na uzito wake haufiki hata nusu. Yote mawili ni tripu moja. Alafu kuna gari linaondoka nusu kwa sababu dereva ameambiwa awahi kwingine, nalo ni tripu. Kupima taka kwa tripu ni sawa na kununua mahindi kwa kuangalia ukubwa wa gunia bila kuliinua, hakuna mkulima wa huku atakubali kuuziana hivo.

Dawa yake haihitaji mradi mkubwa. Dampo lenye mizani ya magari, kila gari lipimwe likiingia na likitoka, na karatasi ya uzito ndo iwe risiti ya mzabuni wa kuzoa taka, hapo hata malipo yake yatakaa sawa. Dampo lisilo na mizani, halmashauri iombe wiki moja ya masika na wiki moja ya kiangazi kwenye mizani yoyote ya magari iliyo karibu, ya mwenye mashine ya mpunga au ya kiwanda, wapime kila gari likiwa limejaa na likiwa tupu, wapate wastani wa kila msimu. Baada ya hapo ukisema tripu nne angalau kuna kitu nyuma yake. Kwa Jiji la Mbeya dampo la Nsalaga lilijengwa kwenye ule mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule uliogusa pia Arusha, Dodoma, Mwanza, Tanga, Kigoma na Mtwara, na uwekezaji wa namna ile unastahili kumbukumbu za kila gari.

Ila tripu ni tatizo dogo. Kubwa ni hesabu ya kutoa, na hapa Mhariri naomba wasomaji wanifuate taratibu.

Njia rahisi ya kusema mji umerejeleza kiasi gani ni hii: unakadiria watu wamezalisha taka kiasi gani, unatoa zile zilizofika dampo, zinazobaki unasema hazikwenda dampo, yani zimeokolewa. Kwenye karatasi inapendeza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 Jiji la Mbeya. Tuseme kwa mfano tu kila mtu anazalisha nusu kilo kwa siku, hiyo ni tani 270 hivi. Tuseme tena kwa mfano magari yamefikisha tani 150 dampo. Toa, zinabaki tani 120, unaandika asilimia 44 ya taka zimeepushwa kwenda dampo, unapiga muhuri unatuma.

Hizo tani 120 ziko wapi? Kidogo kiko kwenye yadi kama yangu. Kidogo kiko kwenye mabanda ya nguruwe. Zilizobaki ziko kwenye shimo nyuma ya nyumba zinawaka moshi saa kumi na mbili jioni, ziko kwenye mitaro ya Mabatini, ziko kwenye kingo za mto Nzovwe. Hesabu ya kutoa inaugeuza mto kuwa kiwanda cha kurejeleza. Na inazidi kuharibika kadiri huduma inavyozidi kuwa mbovu, maana magari yakiharibika wiki mbili, zinazofika dampo zinapungua, na kwenye karatasi asilimia ya urejelezaji inapanda. Ukibadilisha kadirio ukasema kila mtu anazalisha kilo sifuri nukta saba badala ya nusu, tani za siku zinakuwa 379, ukitoa 150 zinabaki 229, yani asilimia 60, hakuna chupa hata moja ya ziada iliyookotwa, kilichobadilika ni namba kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Ripoti inayopanda namna hiyo ni ya hatari kuliko kukosa ripoti kabisa, maana mdhibiti anajua kukosa ni kukosa, lakini akipewa asilimia 60 anahamia kwenye jambo lingine akiamini huku mambo yako safi.

Na usidhani hili ni letu peke yetu. Jimbo la California kule Marekani walipitisha sheria mwaka 1989, wanaiita AB 939, kila mji na kila kaunti ipunguze taka zinazofukiwa kwa asilimia 25 ifikapo 1995 na asilimia 50 ifikapo 2000, na anayezembea anaweza kupigwa faini ya hadi dola 10,000 kwa siku. Miaka mingi walitumia hesabu ya kutoa kama hiyo niliyoeleza, wanakadiria kilichozalishwa wanatoa kilichofukiwa, ikawa kazi nzito yenye makadirio mengi. Mwaka 2008 wakabadilisha sheria, wakaacha kugombania kilichozalishwa ambacho hakuna anayekiona, wakaangalia kile kinachopita kwenye mizani: taka zilizotupwa, ukigawa kwa watu na kwa siku. Kila mji unapeleka ripoti yake ya mwaka kwa idara ya jimbo inayoitwa CalRecycle. Sheria nyingine ya 2015 ikawaongeza wenye madampo, wenye viwanda vya kurejeleza na kutengeneza mboji, mpaka madalali wa mzigo, nao wakatakiwa waripoti kwa hiyo idara wenyewe kila robo mwaka bila kupitia halmashauri. Hapo kwenye madalali ndo niliposimama nikasoma mara mbili. Kule mtu wa biashara kama yangu, akiwa na mzigo mkubwa, ni sehemu ya ripoti ya serikali. Huku hatumo hata kwenye orodha ya wa kusalimiwa.

Kuna kitu kingine chao nilikipenda. Ile idara haisomi namba peke yake ikahukumu, inaangalia pia kama programu zenyewe zinafanyika kweli, kama mji umejitahidi kwa nia njema, kuna ukaguzi na watu wanafika. Hilo ni la maana sana kwetu, kwa sababu ukimwambia afisa mazingira ambaye hana hata pikipiki yenye mafuta kwamba asilimia isipofika kiwango fulani atawajibishwa, hatatafuta taka, atatafuta asilimia.

Lakini hatuwezi kubeba ya California tukaibandika huku. Kule karibu kila nyumba inafikiwa na gari la taka, kwahiyo kinachofika dampo kikipungua kuna sababu ya kufurahi. Huku kikipungua inawezekana ni tairi limepasuka. Ndo maana nasema sisi tupime upande ule mwingine, tupime moja kwa moja kile kilichookolewa, kilo kwa kilo, pale kilipo. Na kilipo panajulikana.

Kwanza ni kwetu sisi wanunuzi. Chupa za maji na soda, plastiki ngumu za ndoo na viti, maboksi, makopo, vyuma, shaba, betri chakavu za magari. Wote tunapima maana wote tunalipa kwa uzito. Wale wa vyuma chakavu wanadaiwa kibali cha NEMC, kwahiyo mdhibiti anawajua kwa majina na mahali walipo, ni kiasi cha kuongeza karatasi moja ya kilo kwenye kibali ambacho tayari anakitoa. Wa chupa na maboksi tunajulikana na watendaji wa mitaa yetu, hatujajificha, yadi yenye rundo la chupa inaonekana toka barabarani.

Ila kuhesabu kwetu kuna mitego na afisa asipoijua atadanganyika. Chupa moja inaokotwa Kabwe na kijana, anamuuzia mama wa mtaani, yule mama akijaza kiroba anamuuzia mnunuzi mdogo, mnunuzi mdogo ananiuzia mimi. Ukituuliza wote wanne na ukajumlisha, chupa moja imekuwa nne. Kwahiyo hesabu ichukuliwe kwenye mlango wa mwisho tu, pale mzigo unapopanda lori kutoka nje ya mkoa au kuingia kiwandani. Pili, kuna uzito wa uongo. Mzigo unakuja una maji ndani ya chupa, una mchanga, una tope la mfereji, wengine wanafanya makusudi wengine ni mvua tu, sisi tunakata kilo hapo mlangoni na baada ya kuchambua kuna rijekti nyingine inatupwa. Kilo za kuripoti ni zile za robota safi, sio za kiroba kilivyofika. Tatu, mzigo una asili. Mimi napokea kutoka halmashauri zaidi ya tatu, kama kila moja itakuja kuchukua jumla yangu yote ikajiandikia, Mkoa wa Mbeya na Songwe watajikuta wamerejeleza chupa ambazo hazikuwahi kununuliwa madukani. Daftari likiwa na safu ya mzigo umetoka wapi, hilo limeisha, na mimi hiyo safu ninayo kwa sababu usafiri wa Tukuyu sio sawa na wa Mafiati.

Mahali pa pili pa kupima ni kwenye taka za kuoza, na hapa ndo kwenye uzito wa kweli wa miji ya huku. Nyanda za Juu Kusini ni chakula. Ndizi zinashuka kutoka Rungwe, viazi kutoka Umalila na Makete, makabichi, karoti, parachichi, mahindi mabichi. Nenda soko lolote, Soweto, Mwanjelwa, kule Iringa Mashinetatu, utaona rundo sio la plastiki, ni majani na maganda. Kila alfajiri kuna watu wanakuja na viroba kuchukua majani ya kabichi na maganda kwa ajili ya nguruwe na ng'ombe, wengine wanalipa kidogo, wengine wanafagia kama malipo. Hiyo ni kazi kubwa ya kupunguza taka inayofanyika bila mradi, bila semina, bila fulana za uzinduzi, na hakuna ripoti inayoitaja. Kiroba kimoja kikipimwa kwa mizani ya soko, ile inayopimia viazi, na karani wa ushuru akahesabu viroba vinavyotoka asubuhi kwa wiki moja kila msimu, una takwimu ya soko zima. Karani yupo mlangoni tayari, anakusanya ushuru.

Na sio takwimu ya kujifurahisha tu. Taka za kuoza zikifukiwa zikakosa hewa zinatoa gesi ya methani, ambayo inapasha joto dunia kwa nguvu kuliko hewa ukaa na ndo inayolisha moto unaozuka kwenye madampo. Hao hao California mwaka 2016 walitunga sheria nyingine kwa ajili ya taka za kuoza peke yake, lengo lao zipungue kwenye madampo kwa asilimia 75 ifikapo 2025. Sisi tuna nguruwe na mashamba pembeni mwa mji, tuko karibu na jibu kuliko wao, kinachokosekana ni mtu wa kuandika.

Kuna vitu nina wasiwasi kuviita urejelezaji. Pumba za mpunga za mashine za Usangu zinachomea matofali, maranda ya mbao za Mafinga wengine wanawasha tu rundo ili wapate nafasi. Kuchomea tofali angalau kuni zimepona, naweza kukubali iwe kwenye safu yake peke yake. Kuwasha rundo ili liishe, hapana, hiyo ni kutupa kwa moto, na ripoti ikiweka vyote kwenye kapu moja la "zimetumika" imeficha moshi. Na ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ilipungua kweli na sifa inastahili, lakini vifungashio laini vya karanga na vitunguu vimerudi kwa wingi na hakuna mnunuzi anayevichukua, mi sivichukui, havina soko. Ripoti ya kweli itakuwa na safu ya vitu ambavyo hakuna anayevinunua. Hiyo ndo safu ambayo mdhibiti anaihitaji kuliko zote, maana pale biashara haitasaidia, panahitaji amri.

Nirudi kwenye kadirio la taka kwa kila mtu, maana bado tutalihitaji. Badala ya kuchukua namba ya Dar au ya kitabu cha zamani, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wana utaratibu wa kupima ambao miji mingi imeutumia, unachagua kaya 90 za vipato tofauti, unapima taka zao siku nane mfululizo na ya siku ya kwanza unaitupa kwa sababu ni limbikizo. Chuo cha sayansi na teknolojia, MUST, kiko Iyunga hapo, wanafunzi wanatafuta kazi za utafiti kila mwaka, hii ni kazi ya wanafunzi wachache, mizani na glavu. Iringa wana vyuo vikuu, Njombe wana sifa ya usafi nchi nzima na wangefanya vizuri sana.

Sasa swali ambalo wenzangu wanunuzi wananiuliza nikiwaambia haya: ukiwaonyesha daftari si watakuja na kodi? Hofu hiyo ni ya kweli na wanaotunga fomu wasiidharau. Mtu akiamini kilo alizoandika kwa ajili ya mazingira zitageuka makadirio ya mapato kesho yake, ataandika nusu, au atahamia kununulia nyumbani usiku. Naomba fomu iulize vitu vinne tu, aina ya mzigo, kilo, umetoka halmashauri gani na umekwenda wapi. Isiulize bei. Leseni na kodi zina njia zake na ofisi zake, hizi mbili zisichanganywe kwenye karatasi moja. Na sisi tupewe kitu, sio hela, tutambulike kwamba ni sehemu ya huduma ya taka ya halmashauri, ili vikundi vya waokotaji vikiomba ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani visiambiwe kazi yenu haieleweki. Kilo zao zikiwa kwenye ripoti ya halmashauri, kazi yao itaeleweka.

Kuhusu kusomwa kwetu kwanza, hili sitaliacha. Ripoti ikimaliza kuandikwa ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata na isomwe kwenye mkutano wa mtaa kabla ya kupelekwa juu. Mtu wa NEMC hawezi kujua kama ni kweli kontena la Nzovwe linaondolewa kila siku, ila mama anayeuza mkaa pembeni yake anajua. Ikiandikwa kikundi fulani kinatengeneza mboji, majirani watasema kama kimewahi kuonekana. Huo ndo ukaguzi wa bei rahisi kuliko wote. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo kwenye ofisi ya umma na ajibiwe ndani ya siku 30, kwahiyo hatuombi siri, tunaomba itangulie kubandikwa ili tusilazimike kuandika barua za maombi. Wakazi wa Tabata kule Dar ilibidi waende mahakamani ndo wasikilizwe kuhusu dampo lao, kesi ya mwaka 1988, halmashauri ilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka Jaji Lugakingira akakataa na akasema kuhusu haki ya kuishi iliyo kwenye Katiba. Walikuwa wanavuta moshi miaka. Ripoti ya taka ingesomwa mbele yao kila robo mwaka, sidhani kama wangefika kwa jaji.

Kwa NEMC ombi langu ni moja. Mkipokea ripoti chagueni mistari michache bila kumwambia mtu, mshuke nayo uwanjani. Imeandikwa tani kadhaa za plastiki zimerejelezwa, ulizeni zimenunuliwa na nani, nendeni kwa huyo mnunuzi muone daftari na hati ya mzigo wa lori. Ikilingana, mpongezeni huyo afisa kwa barua, wanapongezwa kwa nadra sana na wengi wanafanya kazi ngumu bila vifaa. Isipolingana irudisheni iandikwe upya. Mwaka mmoja wa hivyo utatosha watu kuacha kutuma hadithi.

Waheshimiwa madiwani nao, mkipitisha bajeti ya taka mwaka huu ulizeni swali hili kabla hamjanyoosha mikono: kati ya taka zote za halmashauri yetu, ni kilo ngapi zilizopimwa kwamba hazikwenda dampo, na nani alizipima? Akijibiwa kwa tripu, diwani asikae chini.

Upande wangu niko tayari kuanza hata kabla ya fomu. Nimeshawaambia wanunuzi wenzangu wa Ilomba, Sae na Uyole tufunge jumla zetu kila mwisho wa mwezi kwa aina na kwa halmashauri, kilo za robota safi, mlango wa mwisho tu. Afisa mazingira wa halmashauri yoyote ya Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa anayetaka za eneo lake aje na kitambulisho siku ya kazi, asubuhi kabla ya saa nne maana baada ya hapo tunapakia.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mama mnunuzi wa chupa,
Ilomba, Mbeya